Usiache Ngano Kabla ya Kutoa Damu

Ndugu zangu, kuna jibu moja la maabara ambalo hunikera. Mtu anaharisha, tumbo linajaa, ana upungufu wa damu usiopona hata kwa vidonge vya madini ya chuma. Anasikia kwamba huenda ni ugonjwa wa seliaki, ambao gluteni ya ngano huifanya kinga ya mwili iharibu utumbo mwembamba. Anaacha mkate, chapati na mandazi, anabaki na wali na ugali wa mahindi, anapata nafuu. Miezi inapita, ndipo anakwenda kupima. Jibu: hasi. Hasi ya namna hiyo haimwambii kitu.

Kipimo hiki hakitafuti gluteni, ile protini ya ngano ambayo ndugu zake wamo katika shayiri na nafaka ya rai. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha za kinga zilizomo kwenye damu. Mwenye seliaki akila gluteni, kinga yake hukigeukia hata kimeng'enya cha mwili wake mwenyewe, transglutaminasi ya tishu. Watafiti wa Berlin walikitambua mwaka 1997, na kazi ya maabara ikawa nyepesi. Kabla ya hapo mtaalamu alikodoa macho kwenye darubini, akichunguza vipande vya umio wa nyani vilivyowekwa seramu (majimaji ya damu) ya mgonjwa! Kipimo hicho cha kingamwili za endomisiamu (tishu inayozunguka nyuzi za misuli) bado kipo, na kwa mtu aliyekizoea ni cha kuaminika sana. Lakini vyote viwili vinahitaji mtu awe anakula ngano. Akiiacha, kingamwili hupungua hadi zisionekane.

Mtego wa pili ni IgA, aina ya kingamwili tunayoipima. Wapo watu ambao miili yao haiitengenezi. Kati ya wagonjwa 100 wa seliaki, kama 2 au 3 wako hivyo, na watapata hasi huku utumbo unaharibika. Kwa hiyo daktari makini huagiza pia jumla ya IgA kwa damu ile ile. Ikiwa haipo, hupimwa kingamwili za seliaki za aina nyingine, IgG. Msizichanganye na zile IgG za vyakula zinazouzwa kwa bei kubwa, unarudi nyumbani na orodha ya vyakula arobaini vya kuacha. Hizo hazipimi seliaki.

Na msiniambie ni ugonjwa wa Wazungu. Ulaya ni kama mtu 1 kwa 100, ila uchunguzi wa watoto wa Sahara Magharibi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya 5 kwa 100.

Jibu likiwa chanya, mtu mzima kwa kawaida huingizwa mpira wenye kamera, vikachukuliwa vipande vya utumbo mwembamba. Kwa watoto, mwongozo wa Ulaya wa 2020 unaruhusu kuuruka mpira endapo kingamwili za transglutaminasi zimefika mara 10 ya kikomo cha juu cha kawaida au zaidi, na kipimo cha endomisiamu kikawa chanya katika damu iliyotolewa mara ya pili.

Aliyekwisha kuacha ngano je? Uingereza wanashauri aile kila siku, katika zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki 6 angalau, ndipo apime. Asiyeweza kuvumilia mateso hayo apimwe jeni za HLA-DQ2 na DQ8, ambazo karibu kila mwenye seliaki huwa na mojawapo, na ambazo hazijali umekula nini. Asipokuwa nazo, seliaki karibu tunaifuta. Akiwa nazo, bado hatujui: Ulaya theluthi ya watu wanazo, na wengi wao wanakula mkate bila shida.