Stanley: Jina la Mabwana Lililoshuka Mitaani

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie majina ya koo za Kiingereza yaliyogeuka kuwa majina ya kupewa watoto. Yako mengi: Percy, Sidney, Howard, Russell. Nitashika moja tu, Stanley, maana humu ukumbini sidhani kama tutakosa Stanley mmoja.

Ukoo wenyewe ulitoka Staffordshire. Kilichoukweza hasa ni vita vya Bosworth, Agosti 1485, vya kugombea ufalme wa Uingereza. Bwana Thomas Stanley alikuja na askari wake akakaa kando, huku Mfalme Richard wa Tatu akimshikilia mwana wa Thomas kama rehani, na upande wa pili ukiongozwa na mtoto wa kambo wa Thomas huyo huyo, Henry Tudor. Mzee akatulia tuli. Richard alipouawa na Henry kushika ufalme, Thomas akapewa cheo cha Earl wa Derby, yaani ubwana wa kurithi, na ukoo wake unakishikilia mpaka leo. Subira yake ililipa!

Karne ya 19 watu wasio na nasaba hiyo wakaanza kulichukua. Mwenye kiwanda cha chuma aliita mwanawe Stanley mwaka 1867. Ndiye Stanley Baldwin, waziri mkuu wa baadaye. Makarani nao wakafuata. Shamba na cheo huwezi kujipa, lakini jina halina kodi. Hata yule aliyemkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871 hakuzaliwa Stanley. Alikuwa John Rowlands wa Wales, mtoto aliyelelewa katika nyumba ya maskini, akajipa jina la mfanyabiashara wa New Orleans.

Marekani, katika miaka ya 1910, Stanley lilikuwa miongoni mwa majina 50 yaliyopendwa zaidi kwa wavulana. Wahamiaji Wayahudi walilipenda kwa kuwa lilinukia Uingereza. Mwaka 1922, fundi mkata nguo wa New York aliyetoka Rumania alimwita mwanawe Stanley Lieber. Dunia inamjua kama Stan Lee, mmoja wa waliombuni Spider-Man. Sasa, jina likishabebwa na kila mtoto wa mtaa, wanaotaka ukubwa hutafuta jingine, na Stanley likabaki la wazee.

Kisa ninachokipenda ni cha mwaka 1942. Stanley Dunham wa Kansas alipata binti, akampa jina lake mwenyewe, Stanley Ann. Binti akakua akiitwa Stanley, huku wenzake shuleni wakimtania. Alipoingia chuo kikuu Hawaii akajitambulisha kama Ann, na huko akakutana na mwanafunzi kutoka Kenya, Barack Obama, baba wa yule rais.

Uingereza, hivi karibuni, Stanley limerudi katika majina 100 ya juu ya wavulana. Wazazi wa leo hawalihusishi na mabwana wala na makarani. Kwao ni jina la baba wa babu. Haya, kina Stanley mliopo, nyosheni mikono tuwaone.