Soma Herufi Kabla ya Pointi

(Mhadhara kwa wazazi na wahitimu wa kidato cha nne, Kirumba, Mwanza)

Wakubwa zangu, shikamooni. Wanangu mliomaliza, habari zenu. Shule ipi imeongoza mmeshasikia redioni, sitarudia. Nitarudia lile ninalolisema kila matokeo yanapotoka, kwa sababu bado nasikia mtaani, Igoma mpaka Nyegezi: "Mtoto wa fulani kapata foo," yaani divisheni ya nne. Hukumu imetoka. Hakuna anayeuliza foo hiyo ina nini ndani.

A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Baraza la Mitihani linachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi na kuyajumlisha. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni wani, 18 hadi 21 tuu, 22 hadi 25 thrii, 26 hadi 33 foo, 34 na 35 ziro. Shikeni hapo kwenye saba. Aliyefanya masomo tisa, mawili yanabaki nje ya hesabu. Kama hayo mawili ni F ya Hisabati na F ya Kemia, pointi zake hazitamwambia mtu yeyote.

Chukueni mfano wa watoto wawili. Wa kwanza ana A ya Kiswahili, B ya Uraia, C ya Historia, halafu D nne: Jiografia, Kiingereza, Biolojia, Biashara. Hisabati F; Kemia na Fizikia hakufanya. Jumlisheni: 22, thrii. Wa pili ana C ya Kiswahili na D sita: Biolojia, Kemia, Fizikia, Jiografia, Kiingereza, Uraia. Jumla 27, foo. Wa kwanza kapigiwa vigelegele, wa pili kajifungia chumbani.

Sasa wote wanataka stashahada ya utabibu. Sifa ya chini ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia, na D ni ufaulu. Mwenye foo anaruhusiwa kuomba. Mwenye thrii haruhusiwi. Kuomba siyo kupata, ushindani upo, lakini mmoja yuko ndani ya mstari na mwingine yuko nje, na divisheni zao zinasema kinyume. Huyo wa thrii naye ana krediti tatu, yaani C au zaidi, za kumpeleka kidato cha tano, vizuri. Tahasusi ipi, yaani masomo matatu yapi, na yote yanataka krediti? HGK, Historia, Jiografia na Kiswahili, inataka Jiografia, ana D. HKL, Historia, Kiswahili na Kiingereza, inataka Kiingereza, ana D. Mzazi aliyeishia kwenye "thrii" atakuja kushangaa baadaye.

Pale soko la samaki la Mwaloni hakuna anayemwaga sangara na dagaa kwenye mzani mmoja akataja kilo tu, na mteja akakubali. Kwa nini tunakubali kwa watoto?

Mtu atasema: mwalimu, unawafariji waliofeli. Hapana! C moja na F sita ni pointi 33. D mbili na F tano ni 33 pia. Hizo nazo zinaitwa foo, jina lile lile la yule wa 27, na zina njia chache mno. Simfariji mtu. Nataka karatasi isomwe.

Na acheni kumpima mtoto kwa kaka yake. Matokeo ya 2013 yalikuwa na B+ na E, na mipaka ya pointi ilikuwa mingine. Ya 2014 yakatoka kwa GPA, wastani wa pointi, badala ya divisheni. Kisha divisheni zikarudi. Pointi 24 za 2013 zilikuwa tuu. Leo ni thrii. Mnalinganisha nini?

Kuhusu kurisiti, yaani kurudia mtihani. D inaanzia alama 30 na kuishia 44. C ni 45 hadi 64. Matokeo yanaonyesha herufi tu, alama hazionekani. Kwa hiyo kabla ya kulipa, nendeni shuleni mkaangalie alama za moko, mtihani wa kujipima kabla ya ule wa taifa, na za majaribio ya kidato cha nne. Aliyekuwa akipata 41, 43 kwenye Kemia, arudie Kemia. Aliyekuwa akizunguka 30 miaka yote, mwaka mmoja bila mwalimu hautampandisha. Na arudie masomo mawili au matatu yanayofungua mlango anaoutaka, siyo saba yote kwa hasira.

Muda unanibana. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mapema mwaka, na anayechelewa anatozwa faini, kwa hiyo msingoje mpaka Machi. Namba ya mtihani wa kwanza, ile inayoanza na S, iandikeni mahali pawili. Kwa Fizikia, Kemia na Biolojia, ulizeni kituo kama kina maabara ya kufanyia karatasi ya vitendo kabla hamjatoa hela. VETA, mafunzo ya ufundi stadi, nilipanga kuieleza kwa kirefu. Walioko Nyakato wataieleza vizuri kuliko mimi, nendeni.

Wenye nakala za matokeo wabaki na kalamu. Tunaanza na walioko upande wa dirishani.