Simu Kufanya Kazi ya Kompyuta ya Mezani: Linalowezekana na Lisilowezekana

Walimu wangu, shikamooni. Ndugu wanachuo, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie simu janja kushika nafasi ya kompyuta ya mezani, na msimamo wangu nautoa mapema: kwa mwanachuo asiyeweza kununua vyote viwili, jambo hili si anasa. Wengi wenu mnaandika kazi zenu kwa vidole gumba, mnazituma steshenari kwa WhatsApp, kisha mnalipa ili mtu azichape upya na kuzipangia kurasa. Simu iliyoandika kazi hiyo ina nguvu za kutosha kuipanga. Kilichokosekana ni kioo kikubwa na kibodi, na kioo cha mtumba pamoja na kibodi havifiki bei ya laptop.

Tazameni huku ukutani. Simu hii ni Samsung ya familia ya S, wala si mpya. Nachomeka adapta kwenye tundu lake la USB-C. Adapta yenyewe ina matundu kadhaa: hapa unaingia waya wa HDMI unaokwenda kwenye televisheni, hapa chaji, hapa kipanya. Kibodi inaungana kwa Bluetooth. Sasa oneni kilichotokea. Televisheni haikuonyesha kioo cha simu kilichokuzwa. Imeonyesha meza ya kompyuta, yenye ukanda wa programu chini na kila programu ndani ya dirisha lake. Nafungua Word kushoto na PDF ya kitabu kulia. Nachagua aya hii, nabonyeza Ctrl na C, nahamia kule, Ctrl na V. Aya imefika. Mtu akinipigia sasa hivi napokea, kwa kuwa simu haijaacha kuwa simu.

Samsung huuita mfumo huu DeX. Ulianza 2017 pamoja na Galaxy S8, na wakati ule ulihitaji kituo maalumu cha kusimamishia simu, chenye feni ndani ya kuipooza. Tangu Note 9 ya 2018, adapta ya kawaida inatosha.

Wazo lenyewe ni la zamani zaidi, na walioshindwa wana mengi ya kutufundisha. Mwaka 2011 Motorola ilitoa simu ya Atrix pamoja na ganda la laptop lisilo na prosesa: kioo cha inchi 11.6, kibodi na betri, na simu ikichomekwa nyuma yake. Ganda hilo peke yake liliuzwa Marekani karibu dola 500, na kwa fedha hizo mtu alipata laptop kamili. Mwaka 2013 Canonical, waliotengeneza mfumo wa kompyuta wa Ubuntu, waliomba michango ya dola milioni 32 ili watengeneze simu ya namna hii. Zilipatikana ahadi za zaidi ya milioni 12, lengo halikufikiwa, simu haikutengenezwa. Mwaka 2015 ikaja Microsoft na simu yake ya Lumia 950. Kwenye kioo kikubwa ilipendeza kweli, ilifanana na Windows, lakini programu za Windows ambazo watu walizizoea hazikufunguka humo. Watu hawakuitaka.

Huyu wa mwisho ndiye ninayemkumbuka kila mtu akiniuliza kama aachane na kompyuta. Kabla ya kuuliza simu ina RAM kiasi gani, andika programu ambazo kozi yako inazidai. Kama ni kuandika ripoti, kutengeneza slaidi, barua pepe, kusoma majarida na hesabu za kawaida za Excel, simu itakufikisha. Kama utafiti wako unachambuliwa kwa SPSS, programu ya takwimu, haitakufikisha. SPSS haina toleo la Android, mfumo unaoendesha simu hizi. Excel ya simu haiendeshi makro, yaani amri zilizoandikwa ili kazi ijifanye yenyewe. Mwanafunzi wa uhandisi anayechora kwa AutoCAD kamili anahitaji kompyuta, na ningekuwa namdhulumu nikimwambia vinginevyo. Upo mlango mmoja wa nyuma: kuiendesha kompyuta ya maabara kwa mbali kutoka kwenye simu, intaneti ikiwa imara na chuo kikiruhusu. Naomba walimu mlifikirie hilo, maana usiku maabara hufungwa na kompyuta zake hulala bure.

Sasa tundu. Hapa watu wanapoteza fedha zao, kwa hiyo nitakwenda polepole. Tundu la USB-C lina nafasi ya pini 24, na kwa nje yote yanafanana. Picha ya kwenda kwenye televisheni hupita katika njia za kasi zilizomo humo. Simu nyingi za bei ya chini hazikuunganishwa njia hizo. Zina umeme na USB 2.0 tu, yaani njia ya data ya polepole. Utanunua adapta, utachomeka, kipanya kitafanya kazi, televisheni itabaki nyeusi, nawe utadhani adapta ni feki. Karibu familia yote ya Galaxy A iko hivyo. Pia zipo zinazotoa picha bila kuleta meza ya kazi: iPhone 15 hutoa kioo chake kilekile kwa ukubwa. Ukienda dukani kununua simu iliyotumika, usiridhike na maneno ya muuzaji. Beba adapta, omba achomeke kwenye televisheni yake hapo hapo. Simu ya familia ya S ya miaka kadhaa iliyopita itakufaa kwa kazi hii kuliko mpya ya bei ileile isiyotoa picha.

Hali inabadilika, na mimi nafurahi. Mei 2025 Google ilitangaza kwamba inashirikiana na Samsung kuiweka meza hii ndani ya Android yenyewe.

Umeme ukikatika, televisheni itazimika, lakini simu ina betri yake na kazi yako itabaki wazi kiganjani. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, betri ya akiba, ingeondoka na aya ambazo hukuzihifadhi. Kwa upande mwingine, simu inayochajiwa huku inafanya kazi hupata joto, na ikipata joto hupunguza kasi; vueni kava, msiilaze juu ya godoro. Kubwa zaidi ni wizi. Simu ikichomolewa mfukoni kwenye daladala, tasnifu imekwenda nayo. Kila jioni nakili kazi yako kwenye flashi au Google Drive, na weka nywila isiyo mwaka wako wa kuzaliwa.

Mezani hapa kuna adapta tatu na kibodi mbili. Wenye simu za USB-C njooni kwa zamu, tuchomeke moja moja tuone zipi zinatoa picha.