Ngata ya Mlangoni

(Mhadhara kwa mafundi cherehani, Kirumba, Mwanza)

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu wa cherehani, hamjambo? Mwadila.

Kabla sijasema lolote, naomba duara hili la kutundika mlangoni lipite mkono kwa mkono. Lishikeni, libonyezeni, ligeuzeni muone mshono wa nyuma. Upana wake ni sentimita 30, uzito haufiki nusu kilo, na ndani yake kilichonunuliwa dukani ni uzi peke yake. Mengine yote yalikuwa nguo kuukuu na henga za waya.

Wawili hapo mbele nimewaona mmelishika kwa ncha za vidole. Naelewa. Kwetu duara la maua na majani lina mahali pake, nako ni juu ya kaburi. Mnaijua ile sauti ya msoma ratiba: watoto wa marehemu waje waweke shada, wajukuu, majirani, wafanyakazi wenzake. Ukilitundika mlangoni kwako, jirani atapiga hodi kwa sauti ya chini aulize nani ametutoka. Sitalipita jambo hilo juu juu, maana ndilo lililonisumbua kuliko ushonaji wenyewe.

Mama yetu aliuza dagaa pale Mwaloni miaka mingi. Alfajiri mitumbwi inarudi, karabai zimezimwa, upepo wa ziwa unakata, naye amesimama na ndoo yake, sweta la mtumba la rangi ya kutu mwilini, kanga kiunoni, kilemba cha kitenge. Alifariki mwaka juzi. Siku ya kuanua matanga tuligawana nguo zake kama desturi ilivyo. Mdogo wangu anaishi Toronto, kule Kanada, na hakuweza kuja. Akapiga simu: "Dada, usinitumie nguo nzima. Nitaifungia kabatini, na huko haitaonwa na mtu. Nitengenezee kitu cha mlangoni." Kisha akanitumia picha ya mlango wa jirani yake, umetundikwa shada la majani mekundu na ya chungwa. Huko wana desturi ya kupamba mlango kufuata majira. Wakati wa Krismasi hutundika matawi mabichi ya misonobari, na kuanzia Septemba hadi Novemba, miti inapopukutisha majani, hutundika la rangi za majani hayo. Watu wengi hulitengeneza wenyewe nyumbani, na wapo wanaotumia nguo zao za zamani.

Nikamweleza mama mkubwa. Akanijibu neno moja tu: "Shada ni la kaburini, na la kaburini halirudi nyumbani."

Sikubishana naye. Niliweka mkasi chini wiki nzima. Halafu asubuhi moja, nikiwa nashuka Mwaloni, nikamwona binti amejitwika beseni la dagaa, na chini ya beseni pana ngata ya kanga iliyochakaa, imesokotwa vizuri, imekaza. Nikasimama nikaitazama. Lile ni duara, ni la nguo kuukuu, na limekaa juu ya kichwa cha mtu aliye hai anayekwenda kutafuta riziki. Mama alisokota ngata kila siku ya maisha yake. Nikarudi nyumbani, nikatengeneza duara tupu, bila jani hata moja, nikampelekea mama mkubwa. Nikamwambia, hii ni ngata. Akaichukua, akaiweka kichwani, akaishikilia kidogo kwa mkono mmoja, akasema: "Inakaa."

Tangu hapo naiita ngata ya mlangoni, na ndilo jina nitakalotumia hadi mwisho. Ukiianza kama ngata, kwa kusokota na kukaza, itadumu. Ukiianza kama pambo, kwa kubandika bandika, mwezi wa pili inaachia.

Sasa nizungumzie hayo majira, kwa sababu fundi anayekata jani asilolielewa hukata kitu kisichofanana na jani. Ziko kamusi ambazo, zikitafsiri jina la majira hayo ya wenzetu, huandika "vuli". Neno hilo linatupoteza. Vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, vumbi linatulia na majani yanachipua. Miezi hiyohiyo, miti ya Toronto inavuliwa nguo, ya kwetu inavishwa.

Sababu ni mwanga. Sisi Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, na mchana wetu mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote hazipishani hata nusu saa. Toronto zinapishana zaidi ya saa sita. Mchana unapofupika na baridi kuingia, mti huacha kutunza ile rangi ya kijani inayoitwa klorofili, nayo inavunjika na kutoweka. Njano mnayoiona kwenye picha haikuja siku hiyo. Ilikuwemo ndani ya jani muda wote, imefunikwa na kijani. Nyekundu ndiyo ambayo miti mingi huitengeneza upya siku hizo za mwisho.

Nilipolielewa hilo nikafumua majani yote niliyokuwa nimeshashona. Nilikuwa nimekata vipande vyekundu vya tabaka moja, vikalala kama viraka. Tazameni hili mlilonalo: kila jani lina tabaka mbili. Chini pana njano, juu pana rangi ya kutu au damu ya mzee, na tabaka la juu nimelikata dogo kidogo ili njano ichungulie ukingoni.

Umbo nalo. Wakanada hupenda jani la mti wao wa maple, lile lenye ncha nyingi, ambalo liko hata kwenye bendera yao tangu mwaka 1965. Mdogo wangu hakuomba hilo, nami sikuona sababu ya kumtumia mtu wa Toronto jani la Toronto. Nikafikiria ni mti gani kwetu unaogeuka rangi, nikakumbuka mkungu. Mnaujua, ule wenye matawi yaliyotanda kama mwavuli, watoto wanagonga kungu zake kwa mawe. Majani yake makubwa huwa mekundu kabisa kabla ya kudondoka, bila kungoja baridi yoyote. Niliokota matatu ya ukubwa tofauti, nikayalaza juu ya karatasi ngumu, nikayachora. Hizo ndizo patani zangu. Jani la mkungu ni jembamba kwenye kikonyo na linapanuka kuelekea ncha, kwa hiyo likipangwa kwenye duara linafunika vizuri na hulazimiki kukata ncha ndogo ndogo zinazochanika.

Tuingie kwenye kazi.

Duara la ndani nilitaka kulitengeneza kwa matete ya ziwani, yaliyolowekwa na kusokotwa. Ni mazuri, na kwa mlango wa hapa Mwanza nawashauri myatumie. Kwa safari hapana, maana vitu vya mimea mikavu na mbegu vina masharti mpakani. Nilichukua henga mbili za waya, nikazinyoosha kwa plaizi, nikazikunja duara, nikazifunga pamoja. Waya mmoja hupinda ukishaubebesha nguo. Weka miwili.

Juu ya waya unaviringisha vipande vyote visivyofaa kuonekana: kola zilizochakaa, pindo, mikono ya shati iliyotoboka. Kaza. Kila mzunguko ulalie nusu ya mzunguko uliotangulia. Ukifikia unene wa mkono wa mtoto, funika kwa fulana. Fulana ya pamba ikate kwa upana, kuvuka mwili wake, vipande vya sentimita mbili na nusu, kisha shika ncha mbili uvute. Kingo zitajikunja zenyewe na kipande kitakuwa kamba ya mviringo, haihitaji ovaloki wala pindo. Fulana tatu za watu wazima zilinitosha. Kama huna za nyumbani, nenda soko la Mlango Mmoja jioni, wakati wauzaji wanamalizia belo, utapata zenye madoa kwa bei ya kutupa.

Majani ndiyo yanayotaka subira, na hapa lazima ujue nguo yako ni ya nini. Chomoa uzi mmoja, uushike kwa kibano, uuchome. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na majivu yake ni laini. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua. Poliesta inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na ikipoa inabaki kigololi kigumu. Wengi wenu mnalijua hili tangu mkiwa wanagenzi, lakini nimeona fundi akiamini lebo ya kwenye kola, na lebo ya mtumba mara nyingi imefutika.

Sweta la mama lilikuwa sufu halisi. Sufu ukiichemsha kwa sabuni na kuikandakanda, nyuzi zake hushikana, inarudi ndogo na nene, na baada ya hapo unaikata popote bila kufumuka. Kwa majani hakuna kitambaa kinachoishinda. Ila ukishaichemsha, hairudi tena kuwa sweta. Na harufu inakwenda. Nililifua lile sweta mara mbili kwa maji baridi na siki, na bado shingoni palikuwa na harufu ya dagaa na moshi. Nililishika usoni kwa muda mrefu kabla sijalitia sufuriani. Nililia, na sioni aibu kuwaambia. Lilipotoka lilikuwa saizi ya mtoto wa miaka mitatu. Likatoa majani 19.

Wakati nakata nilikuwa nawaza jinsi sweta hilo lilivyozaliwa. Mtu wa nchi ya baridi alilivaa, akalitoa, likafungwa kwenye belo, likavuka bahari, likamkinga mama na upepo wa ziwa. Wazee hapa mnaukumbuka mwanzo wa miaka ya themanini, baada ya vita vya Kagera, nguo zilivyoadimika madukani. Mama alikuwa akitusimulia kwamba kitenge kimoja kilivaliwa kwa zamu. Mitumba ilipofunguliwa njia katikati ya miaka ile, watu walivaa. Na mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipokubaliana kuiondoa taratibu ili viwanda vyetu vipumue, mimi nilikuwa na mioyo miwili, na bado ninayo. Sisi ndio tunaolima pamba, Kwimba na Magu zipo hapo jirani, na mama alivaa kitambaa cha kiwanda cha MWATEX kilichofumwa mji huuhuu. Natamani kitambaa kile kirudi. Lakini sweta ninalowaeleza lilitoka kwenye belo, nalo lilimtunza.

Rangi zilizokosekana nilizipata jikoni. Maganda ya vitunguu maji, chemsha nusu saa, chuja, tia shabu kidogo, tumbukiza pamba nyeupe: unapata njano inayokwenda kwenye chungwa. Majani ya chai yanatoa hudhurungi. Ukitia misumari yenye kutu kwenye hiyo chai, rangi inageuka kijivu cheusi, nzuri kwa mshipa wa katikati ya jani. Binzari ya manjano nawatahadharisha: inapendeza siku ya kwanza, jua linaifuta.

Kanga ilinipa shida ya namna yake. Ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo nikakata, mji nikakata. Jina lilikuwa NANI KAMA MAMA, na mkasi ulikataa. Nikalitoa zima kama utepe mrefu, nikalizungusha upande wa nyuma wa ngata, maandishi yakitazama nje. Mtu anayepita hayaoni. Mwenye mlango akiishusha kuifuta vumbi, anayasoma.

Jambo moja kuhusu makombo, nalisema kwa msisitizo. Vipande vya poliesta msivichome uani, na msivitupe mtaroni. Mtaro unaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliochunguza sangara na sato walionunuliwa hapahapa Mwanza. Katika kila samaki watano, mmoja alithibitika kuwa na vipande vidogo vya plastiki tumboni, na poliesta ilikuwa miongoni mwake. Samaki hao ndio chakula chetu. Kwa hiyo kila kikombo cha poliesta kiingie ndani ya ngata, kwenye tumbo lake, kikae huko.

Dada pale nyuma ameuliza kama zinauzika. Zinauzika. Wenye nyumba za wageni wameniulizia, na watu wenye ndugu nje wameniulizia. Nguo za mitumba, tengeneza uuze, ni kazi halali ya mikono. Nguo za marehemu wa mtu, mtengenezee akikuletea mwenyewe, umdai ufundi wako, na makombo yote umrudishie kwenye mfuko hata yawe uchafu wa kufagia. Hilo kwangu halina mjadala.

Ngata ya mdogo wangu ilisafiri ndani ya begi, katikati ya nguo za shemeji yangu. Ilitundikwa kabla ya sikukuu yao ya shukrani, inayoangukia Jumatatu ya pili ya Oktoba. Alinipigia usiku wa kwetu. Jirani yake, yule mwenye mlango wa kwenye picha, alikuwa amesimama barazani akauliza hilo ni jani la mti gani. Akamtajia mkungu, ikabidi amweleze na kungu, na mawe, na sisi tulivyokuwa tukizigonga pale kwa bibi. Halafu akaishusha ngata amwonyeshe nyuma, akajikuta anasoma jina la kanga kwa sauti, na hakuweza kumtafsiria.

Nimekuja na henga 20 na plaizi tatu, tutapokezana. Patani za mkungu ziko hapa mezani. Sogezeni viti, kila mtu atoe nguo aliyokuja nayo, na tuanze kwa kuchoma uzi.