Diski Ngumu Inataka Hewa, Haitaki Baridi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie joto la diski ngumu, na najua wengi wenu mmekuja mkitarajia niwaambie mnunue feni. Subirini kidogo.

Diski iliyofanya kazi saa nzima, ukiiondoa utaikuta ina joto. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Ndani yake sahani zinazohifadhi data huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, mota haipumziki, na hewa inayosukumwa na sahani hizo huleta msuguano. Ndiyo maana diski nyingi kubwa za seva siku hizi hujazwa gesi ya heli badala ya hewa. Kampuni ya HGST ilianza kuziuza mwaka 2013. Heli ni nyepesi, kwa hiyo mota haihangaiki sana, umeme unaoliwa hupungua na joto nalo hupungua.

Sasa, joto gani ni baya? Watengenezaji wengi huweka kikomo kwenye nyuzi 60 za Selsiasi. Lakini mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000, na yaliwashangaza watu. Diski zilizokuwa baridi sana ziliharibika zaidi kuliko zile zenye joto la wastani! Joto kali lilionekana kudhuru hasa diski zilizokwisha kutumika miaka mitatu na kuendelea. Kwa hiyo ukiona 38 au 42 kwenye skrini, lala usingizi. Mimi huanza kushughulika ikipita 50, hasa kama diski ni ya siku nyingi.

Na kipimo mnacho tayari. Karibu kila diski ina kihisi cha joto, nacho husomwa kwa programu za bure zinazoonyesha taarifa za SMART, yaani mfumo ambao diski huutumia kujichunguza hali yake yenyewe. Msiisome asubuhi mashine ikiwa ndiyo kwanza imewashwa. Isomeni katikati ya kunakili faili nyingi, hapo ndipo mtaujua ukweli.

Tatizo, mara nyingi, ni mpangilio. Mtu ana diski nne, anazibananisha kama sahani kabatini, kisha analalamika kwamba zile za katikati zinachemka. Acha nafasi moja tupu kati ya diski na diski. Zikaze kwa skrubu kwenye fremu ya chuma, maana chuma hubeba joto na kulitoa. Safisha vumbi kwenye matundu ya mbele. Hapo ndipo feni inapoingia: moja ya milimita 120, inayozunguka polepole na kupuliza juu ya diski, inatosha kabisa. Feni kubwa yenye kelele huja na mtikisiko, na kichwa cha kusomea hakipendi kutikiswa.

Diski za nje ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Nyingi zimefungwa ndani ya plastiki, hazina feni, na watu huziweka juu ya kitambaa au chini ya rundo la karatasi wakati zinanakili usiku kucha. Iwekeni mezani, pande zote wazi.

Kuna mwenzetu ameuliza kuhusu kuitia diski kwenye friji. Usifanye hivyo. Ikitoka, unyevu wa hewa huganda juu yake kama matone, na maji yakikutana na bodi ya saketi yenye umeme, hutasumbuka tena na habari ya joto. Haya, maswali mengine?