Ardhi Isiyojengwa: Kazi ya Kwanza ya Mipango Miji Visiwani Mwetu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Waheshimiwa masheha, maofisa wa ardhi, wahandisi, wazee wangu na wanafunzi wetu, nashukuru kupewa nafasi hii. Nimeombwa nieleze namna ya kuipanga miji yetu ili iwe inayokalika na yenye kudumu. Nitalishika jambo hili kwa upande mmoja tu, nao ni ardhi isiyojengwa: njia, mabonde ya maji, viwanja vya watoto, maeneo ya skuli na makaburi. Naamini kwamba mpangaji akiitenga ardhi hiyo mapema, makosa mengi mengine ya mji yanaweza kurekebishwa baadaye. Asipoitenga, hakuna ramani nzuri wala kanuni kali itakayomsaidia.

Ramani hatukuzikosa. Msanifu majengo wa Kiingereza, H. V. Lanchester, alituandalia mpango wa mji wa Zanzibar mwaka 1923. Ukafuata wa mpangaji miji Kendall mwaka 1958, baada ya sheria ya mipango miji ya 1955. Kisha wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki mwaka 1968, enzi iliyotuletea majumba marefu ya Michenzani. Na mwaka 1982 tukasaidiwa na Wachina kuandaa mwingine. Kila mpango ulitekelezwa kwa sehemu, na sehemu iliyobaki ikalala kabatini. Viwanja vilipimwa, lakini ujenzi ulikwenda mbio kuliko mpimaji, na mpimaji alipofika alikuta nyumba zimekwisha kuezekwa.

Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar nzima watu 1,889,773, kutoka 1,303,569 mwaka 2012. Karibu nusu yao wanaishi Mkoa wa Mjini Magharibi, ulio mdogo kwa eneo kuliko mikoa yetu yote mitano. Watu hawa wanajenga Fuoni, Tomondo, Chukwani, Bububu na mbele zaidi, yaani juu ya mashamba, na hapo ndipo tunapopaswa kutazama kwa makini.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya Serikali, na kuanzia 1965 wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Eka hizo zilitolewa kwa ajili ya kilimo, wala hazikukusudiwa kuuzwa vipande vipande. Lakini mwenye eka anapofariki, warithi wanagawana. Mmoja anauza kipande alipie matibabu, mwingine anauza chengine amsomeshe mtoto, na kila mnunuzi anajenga hadi ukingo wa mpaka wake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekusudia kuuharibu mji, na mimi siwezi kusimama hapa niwalaumu, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekwenda kukaa nao kabla ya mauzo ya kwanza akawaonyesha njia itapita wapi.

Tufanye hesabu kidogo. Eka tatu ni takriban mita za mraba 12,140. Mwenye shamba akiacha asilimia 10 tu kwa vichochoro, na kilichobaki akakigawa viwanja vya mita 20 kwa 20, atapata viwanja 27. Akiacha asilimia 35 kwa barabara, mtaro na uwanja mdogo, atapata 19. Nayo asilimia 35 si nyingi, kwani UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, hupendekeza takriban nusu ya ardhi ya mji iwe njia na maeneo ya wazi. Tofauti ya viwanja 8 ndiyo inayomfanya mwenye eka akatae, na kwa familia isiyo na mali nyengine kukataa huko kunaeleweka. Ila wenye viwanja 19 watafikiwa na gari la zimamoto, gari la kunyonya makaro, bomba la maji na gari la kumpeleka mzazi hospitali usiku wa manane, na kiwanja cha namna hiyo hakiuzwi kwa bei ya kiwanja kilichofichika nyuma ya kuta za watu.

Tatizo gumu zaidi ni kwamba barabara na bonde havigawanyiki sawa kwa wenye mashamba. Bonde lote laweza kuangukia katika eka za mtu mmoja, naye peke yake akaambiwa asijenge. Wajapani walilikabili jambo hili kwa kuyaunganisha mashamba ya majirani na kuyapanga upya kwa pamoja, na Tokyo ilijengwa tena kwa njia hiyo baada ya tetemeko la 1923. Gujarat, nchini India, inaitumia hadi leo. Kila mmoja hutoa sehemu ya ardhi yake, njia na maeneo ya wazi yakapatikana, kisha kila mmoja hurejeshewa kipande kidogo kuliko cha awali lakini chenye huduma. Hasara na faida hubebwa na wote. Kwetu hapa, ambako wenye eka wa shehia moja, yaani eneo la sheha mmoja, mara nyingi ni jamaa au wamezikana wazee wao, sioni kwa nini mapatano kama hayo yashindikane, khasa ikiwa Kamisheni ya Ardhi itakuja na hati mkononi badala ya tingatinga.

Nije kwenye maji, ambayo kwangu ndiyo hoja nzito kuliko zote. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, na mabonde mengi hayana mto wa kuyafikisha maji baharini. Mvua ya masika hujikusanya bondeni, huzama taratibu, na ndiyo inayorudi kwetu kupitia visima na chemchem. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipoleta kwa mabomba maji ya chemchem hadi mjini, alikuwa akitegemea mvua iliyozama mashambani, nasi tunaitegemea hiyo hiyo. Bonde likijazwa kifusi na kujengwa, maji huingia nyumba ya jirani, hufurisha karo lake, na uchafu huo hushuka ardhini pamoja na mvua. Waliokwama njiani maji ya mvua yalipofurika kwenye bwawa la Mwanakwerekwe hawahitaji kuelezwa, na kipindupindu cha 2015 na 2016 kilituonyesha gharama yake kwa maisha ya watu.

Msifahamu kwamba nataka nyumba zitawanyike. Mji Mkongwe umebanana, lakini una kivuli, baraza za kukaa na msikiti wa karibu, na mtu huenda sokoni Darajani kwa miguu. Kubanana kwa nyumba kunavumilika pale penye pa kupumulia. Tukijenga kwa kwenda juu na kuacha uwanja chini, tutaokoa mashamba ya Kizimbani na Dole.

Kwa masheha nina ombi la kazi. Kila shehia inayoanza kujengwa iwe na ramani moja iliyobandikwa wazi, yenye mistari michache tu: njia kuu, bonde la maji, uwanja, skuli na makaburi. Sheha asishuhudie mauzo ya kipande kilichomo ndani ya mistari hiyo, na wananchi, wanawake na vijana wakiwemo, washirikishwe kuichora, kwa kuwa wao ndio wanaojua maji ya masika hufika wapi.

Pemba bado ina nafasi. Chake Chake, Wete na Mkoani imekaa juu ya vilima, na ujenzi unateremkia kwenye mabonde ya mpunga na mikoko. Huko mstari wa kwanza uchorwe kwenye mteremko, miti iachwe na mitaro ichimbwe kabla ya msingi wa nyumba yoyote, ili udongo wa kilimani usiishie mashambani mwa watu walio chini.