Kura hana, ila bila yeye mtoto si raia: kesi ya Neaira

REHEMA: Haya jamani karibuni tena, leo tuko Athens ya kale, huko Ugiriki, na kaka Baraka kanisumbua wiki nzima na mama mmoja tu, Neaira.

BARAKA: Dada, ile kesi inaniuma kwa kweli. Ila tuanzie kwa Perikles, kiongozi wa Athens, mwaka 451 KK. Alipitisha sheria kwamba ili mtoto awe raia lazima baba na mama wote wawe wa Athens, zamani baba alitosha.

REHEMA: Ehe, sasa hapo ndo pananishinda, yaani mama anahesabika kwenye uraia wa mtoto lakini yeye mwenyewe bungeni haingii, kura hapigi, mahakamani anasemewa na kyrios wake, yaani baba, akiolewa mume, na mume akifa pengine mtoto wake wa kiume! Hata kuuziana vitu, kisheria mwisho wake thamani ya shayiri kama lita 50 hivi.

BARAKA: Sasa Neaira hata huo uraia hakuwa nao. Alikulia utumwani Korintho, kwenye danguro la mama anaitwa Nikarete, akauzwa kwa wanaume wawili kwa mina 30, mina ni kipimo cha pesa za enzi hizo. Baadaye wale jamaa wanataka kuoa, wakamwambia leta 20 ujikomboe, akachangisha kwa wanaume waliomjua, akalipa.

REHEMA: Alijikomboa mwenyewe huyo, tusilipite hilo.

BARAKA: Kabisa. Akaja kuishi Athens na raia mmoja, Stephanos. Miaka ya 340 KK huko, Apollodoros, adui wa Stephanos, kupitia shemeji yake Theomnestos akamshtaki Neaira kwamba anaishi kama mke wa raia na yeye mgeni. Neaira akishindwa anauzwa tena utumwani, mama mtu mzima! Ugomvi ni wa wanaume wawili, anayeumia ni yeye.

REHEMA: Na yeye akasema nini?

BARAKA: Tuliyonayo ni hotuba ya upande wa mashtaka tu, ya Neaira hakuna hata neno.

REHEMA: Dah.

BARAKA: Halafu kuna Phano, Apollodoros anadai ni binti wa Neaira. Aliolewa na Theogenes, yule afisa mkubwa wa mambo ya ibada, na mke wa huyo afisa ndo anafanya ibada ya siri ya mungu Dionysos kwa niaba ya mji mzima. Yaani kura hana ila mji unamtegemea kwa miungu.

REHEMA: Kumbe ndo maana walipandisha hasira, binti wa mgeni kufanya ibada hiyo!

BARAKA: Ee, na Apollodoros akawaambia waamuzi wa kesi, wanaume watupu, mkimwachia huyu mkirudi nyumbani wake zenu, mabinti na mama zenu watawauliza mlikuwa wapi, mtawajibu nini?

REHEMA: Kwa hiyo nyumbani pengine walikuwa wanaijadili kesi! Inaonekana hawa wanawake walifuatilia mambo, nafasi ya kusema hadharani ndo walinyimwa. Wiki ijayo twende Sparta, mji mwingine wa Ugiriki, mwanafalsafa Aristotle anasema huko wanawake walishika karibu sehemu mbili kati ya tano za ardhi yote, na alichukia sana.